Mzunguko, Ujazo na Ndege ya Kujiundia: Uhakiki wa Maneno ya Injini ya Rota

Atokaye Moshi mjini akapanda hadi Old Moshi, na siku ile ikawa haina ukungu, akigeuka kutazama alikotoka huona uwanda umetandazwa chini yake: mabati ya mji, mashamba ya miwa ya Arusha Chini, na uwanja mdogo wa ndege wa Moshi ulio karibu mita 850 juu ya usawa wa bahari. Upande wa machweo, mbali zaidi, upo uwanja mkubwa wa Kilimanjaro uliofunguliwa mwaka 1971. Ndege si kitu kigeni kwa watu wa mteremko huu. Mwaka 1930 Mswisi Walter Mittelholzer aliruka juu ya Kibo akakipiga picha, na kabla ya hapo, katika vita vya 1914 hadi 1918, ndege za Waingereza ziliruka kutoka Maktau na Mbuyuni, katika njia itokayo Voi kuja Taveta. Ajabu ni kwamba baada ya watu kuvitazama vyombo hivi kwa zaidi ya miaka mia, Kiswahili kina neno zuri sana la chombo kizima, lakini maneno ya kile kitu kikirushacho yangali yanapwaya kama koti la kuazima.

Neno hilo zuri ni ndege. Zamani waandishi wengi walisema eropleni, na neno lile halikuwa baya. Lakini wasemaji walilichukua jina la kiumbe wakalivika chombo, na wala hawakuhitaji kamati kuwatenganishia maana. Upatanisho wa kisarufi ulitosha. Mtu asemapo ndege ametua, hakuna ageukaye kutazama uwanja wa ndege. Asemapo ndege imetua, hakuna atazamaye mti. Silabi moja, yenye kuonyesha kwamba mtajwa ni chenye uhai au si chenye uhai, ilifanya kazi ambayo katika lugha nyingine ilihitaji neno jipya kutoka Kiyunani au Kilatini. Jambo hili lafaa kukumbukwa katika yote yafuatayo, maana waundaji wa istilahi mara nyingi hukimbilia kutafuta neno pale ambapo sarufi imekwisha kuweka mlango wazi.

Sasa ipo mada moja ambayo yaujaribu uwezo huu kuliko nyingi. Miongoni mwa watu wajiundiao ndege ndogo, katika Marekani na Ulaya kwa wingi na katika Afrika ya Mashariki kwa uchache, lipo shauku la siku nyingi la kupata injini ya rota yenye ujazo mkubwa, isiyong'olewa katika gari bali iliyosanifiwa tangu mwanzo kwa ajili ya kuruka. Katika miaka ya 2010 magazeti ya Kenya, Uganda na Tanzania yalichapisha mara kwa mara habari za watu waliojitengenezea ndege au helikopta kwa vyuma vya gereji. Habari hizo zilisifu moyo wa watu hao, na zilistahili kusifu. Lakini juu ya injini zilisema maneno mawili au matatu, tena ya kubahatisha, zikapita. Msomaji aliambiwa kwamba injini ni ya gari au ya pikipiki. Hakuambiwa inazunguka mara ngapi kwa dakika, wala kwa nini haikuweza kukiinua chombo. Huenda mwandishi hakujua. Lakini hata angalijua, angalilazimika kuyaunda maneno njiani.

Yafaa kuanza na lililo jepesi, yaani jina la ndege yenyewe. Watafsiri wa haraka husema ndege ya nyumbani. Kosa hili lachekesha, kwa kuwa likiteleza kidogo tu katika upatanisho likawa ndege wa nyumbani, basi msikilizaji ataelewa kuku au bata. Na lisipoteleza, ataelewa ndege isafiriyo ndani ya nchi. Wengine husema ndege ya kienyeji, nalo ni baya zaidi kwa sababu lakidharau chombo kabla hakijaruka. Kumbe Kiswahili kina kitenzi kuunda, ambacho pwani kimetumiwa tangu kale kwa kazi ya kujenga vyombo vya bahari: jahazi huundwa, wala halitengenezwi tu. Kitenzi hicho kikitiwa mnyambuliko wa kutendea na kiambishi cha kujirejea, hupatikana kujiundia, yaani kuunda kwa ajili ya nafsi yake na kwa mkono wake. Ndege ya kujiundia ni jina kamili. Lasema nani ameunda na kwa faida ya nani, na lachukua pamoja nalo heshima ya mafundi wa Lamu na Pemba.

Kuhusu injini iliyotengenezwa mahsusi, hatari ni ya namna nyingine. Kusema injini ya kuagiza katika Moshi ni kusema injini iliyotumika, ikaletwa kwa meli kutoka Japani au Dubai. Maana ile iliyokusudiwa yapatikana katika kusanifu: injini iliyosanifiwa kwa ajili ya ndege fulani. Kubuni nalo lingefaa, lakini limebeba mizigo mingi, kwa kuwa habari ya kubuni yaweza kuwa habari ya uongo. Tena mkulima wa Kilimanjaro akisikia buni hufikiri kwanza kahawa yake, ijapokuwa maneno haya mawili hayana nasaba.

Baada ya hayo laja neno gumu. Mtafsiri yeyote akikutana na injini ya rota, jambo la kwanza limjialo kinywani ni injini ya mzunguko. Neno hili laonekana la asili, laeleweka na mtoto, na halikopwi popote. Kwa sababu hizo hizo limependwa. Lakini likipelekwa mbele ya mashine yenyewe halisimami, kwa kuwa zipo injini tatu tofauti kabisa zinazoweza kudai jina hilo kwa haki sawa.

Ya kwanza ni ile ya ndugu Seguin wa Ufaransa, iitwayo Gnome, ambayo ilienea kuanzia mwaka 1909. Katika injini hii krenki ilifungwa imara kwenye mwili wa ndege, haikuzunguka hata kidogo. Silinda zake saba ndizo zilizozunguka, zote pamoja na rafadha, zikijipoza kwa upepo wa mwendo wao wenyewe. Ile ya kwanza iliyopata sifa ilikuwa na ujazo wa karibu lita 8 na nguvu za farasi 50. Ililainishwa kwa mafuta ya mbarika, kwa sababu mafuta hayo hayachanganyikani kwa urahisi na petroli, na yalirushwa nje pamoja na moshi hata rubani akayavuta puani safari nzima. Jamii hiyo ya injini ilifikia kilele chake mwaka 1918 katika Bentley BR2 ya Uingereza, yenye silinda tisa na ujazo wa karibu lita 25, kisha ikafa, maana chuma kizito namna ile kikizunguka mbele ya ndege kilifanya kuipinda kulia na kushoto kuwe mambo mawili yasiyofanana.

Ya pili ni ile ambayo silinda zake zimepangwa kuzunguka krenki kama miale ya nyota, lakini zimesimama. Krenki ndiyo izungukayo. Hapa mzunguko ni wa mpangilio tu, si wa mwendo. Caudron G.3, ndege ya namna iliyopelekwa Maktau mwaka 1915, ilifungwa ama injini ya jamii ya kwanza ama ya Anzani iliyo ya jamii hii ya pili. Mtu angaliziona zote mbili zimezimwa, asingalizitofautisha kwa haraka. Zikiwashwa, moja hupotea macho ikawa upepo mtupu, na nyingine hutulia huku rafadha peke yake ikipotea. Kuziita zote injini za mzunguko ni kusema kwa makini kabisa neno lisilosaidia kitu.

Ya tatu ndiyo yenye kuhusika hapa, nayo ni ya Mjerumani Felix Wankel, ambayo ilinguruma kwa mara ya kwanza katika kampuni ya NSU mwezi Februari 1957. Haina pistoni ipandayo na kushuka. Ndani ya nyumba yenye umbo la namba nane iliyonenepa kiunoni hugeuka rota ya pembe tatu zenye mbavu zilizobinuka, na kila ubavu wafanya kazi yote ya silinda moja: kuvuta hewa na petroli, kugandamiza, kuwaka, kutoa moshi. Kitovu cha rota kimekaa juu ya egemeo lililohama kidogo kutoka katikati ya mhimili mkuu; rota ikigeuka mara moja, mhimili hugeuka mara tatu.

Wajerumani wenyewe walikutana na shida ya jina mapema. Injini ya 1957 ilikuwa na jambo la ajabu: rota na nyumba yake vyote viwili vilizunguka, na mhimili wa katikati ukasimama. Mwaka uliofuata mhandisi Hanns Dieter Paschke aliisimamisha nyumba, akaacha rota izunguke ndani yake, na muundo huo ndio uliofuatwa na NSU na baadaye Mazda. Kijerumani kiliita ya kwanza Drehkolben na ya pili Kreiskolben, kwa kuwa kina vitenzi viwili ambavyo kimoja ni cha kitu kijigeuzacho mahali kilipo, na kingine ni cha kitu kiendacho duara.

Wasomao Kiswahili juujuu wamezoea kusema kwamba lugha hii haina tofauti hiyo, kwa kuwa kuzunguka hutumika kwa yote mawili. Dai hilo halina msingi. Mtoto wa shule ya msingi katika Old Moshi hufundishwa jiografia kwa Kiswahili, naye huambiwa kwamba dunia hujizungusha katika mhimili wake na hulizunguka jua. Tofauti ni ile ile ya Wajerumani, ila imekaa katika viambishi badala ya kukaa katika shina: kujizungusha kwa kitu kijigeuzacho, kuzunguka kwa kitu kikizungukacho kingine. Rota ya Wankel hufanya yote mawili kwa pamoja, kama dunia. Hujizungusha mara moja wakati kitovu chake kinauzunguka mhimili mara tatu. Sentensi hiyo moja yaeleza kiini cha injini nzima, na haina neno hata moja ambalo mwanafunzi wa darasa la tano hakulisikia. Aliyepoteza tofauti hiyo ni mtunga istilahi, alipochukua jina mzunguko akaliacha peke yake bila kitenzi chake, kwa kuwa nomino hiyo imevuliwa viambishi vyote vilivyokuwa vikionyesha nani azunguka, nani azungushwa, na kwa kuzunguka nini.

Kutokana na hayo majina matatu hujileta yenyewe. Ile ya kwanza ni injini ya silinda zizungukazo. Ya pili ni injini ya silinda za nyota. Ya tatu ni injini ya rota. Jina la kwanza ni refu, lakini injini yenyewe imekufa na haitajwi kila siku. Rota ni neno la mkopo, na hakuna aibu katika hilo, kwa kuwa limekuja pamoja na kitu chenyewe, kama pistoni na plagi. Kuna wapendao injini zungushi, kwa kufuata mtindo wa maneno kama shirikishi. Hao hawajajiuliza ni injini gani isiyozungusha. Hata mashine ya mkono ya kumenyea kahawa, ambayo katika vihamba vya mteremko huu hugeuzwa kwa mpini msimu wa mavuno, ni zungushi katika maana hiyo.

Lakini makosa ya jina hayaui mtu. Neno lifuatalo laweza kuua, nalo ni ujazo.

Katika injini ya pistoni ujazo ni jambo lisilo na ubishi: ni jumla ya nafasi ambayo pistoni zote huipita kutoka chini hadi juu. Fundi wa gereji asemapo injini ya lita mbili, yeye na mteja wake wanaelewana. Neno lenyewe si sahihi sana, kwa maana ujazo watokana na kujaa, na silinda hujaa zaidi ya kiasi hicho. Kile kidogo kibakicho juu pistoni ikiwa imefika mwisho hakihesabiwi. Hata hivyo desturi imelituliza. Shida huanza injini isipokuwa na pistoni.

Rota maarufu kuliko zote ni ile ya Mazda iitwayo 13B, ambayo watu wengi wa ndege za kujiundia wameifunga katika vyombo vyao. Umbali kutoka kitovu cha rota hadi ncha ni milimita 105, unene wa rota ni milimita 80, na mhamo, yaani umbali ambao kitovu cha rota kimehama kutoka katikati ya mhimili, ni milimita 15. Kanuni ya ujazo ni kuzidisha vipimo hivi vitatu pamoja, kisha kuzidisha kwa mara tatu ya kipeuo cha pili cha 3. Jibu ni sentimita za ujazo 654 na zaidi kidogo. Lakini 654 hizo ni za nini? Ni za ubavu mmoja wa rota moja. Rota ina mbavu tatu, na injini ina rota mbili.

Kiwanda kiliandika lita 1.3, yaani ubavu mmoja wa kila rota. Mtu mwingine aweza kuhesabu mbavu zote sita akapata lita 3.9, wala hakukosea hesabu. Wa tatu hutazama hewa ivutwayo katika kila mzunguko wa mhimili. Injini ya pistoni ya mapigo manne huvuta nusu tu ya ujazo wake kila krenki inapozunguka mara moja; hii huvuta lita 1.3 zote, kwa hiyo ni sawa na injini ya pistoni ya lita 2.6. Watoza kodi wa Japani walikata shauri kwa kuzidisha lita za kiwandani mara moja na nusu, jambo ambalo halikufuata hoja yoyote ya hao watatu. Basi ujazo wa injini moja ni namba tatu, na neno la Kiswahili limeketi juu ya zote bila kuonyesha dalili.

Na achukuliwe mfano wa fundi mmoja wa Moshi, mwenye karakana na akili nzuri, ambaye ameamua kujiundia ndege ya watu wawili. Asoma kwamba injini ni ya lita 1.3. Katika gereji yake lita 1.3 ni gari dogo la kwenda sokoni, na rejeta ya gari hilo aijua kwa macho. Anaichagua hiyo. Kumbe injini ile kwa mizunguko 6,000 ya mhimili kwa dakika yataka karibu lita 7,850 za hewa kila dakika. Lycoming O-320, ambayo kwa miaka mingi imerusha Cessna 172, ina ujazo wa lita 5.2, na kwa mizunguko yake 2,700 yataka karibu lita 7,080. Iliyo ndogo katika maandishi yala kuliko iliyo kubwa, na kila kilichowaka hutoa joto. Tena injini ya rota hupeleka sehemu kubwa ya joto lake katika mafuta ya kulainisha na katika moshi. Mafundi husema gari limechemsha, na dereva huegesha chini ya mwembe akangoja lipoe. Ndege ikichemsha juu ya migomba ya Old Moshi, ambako vihamba vimebanana hadi kwenye makorongo na hakuna uwanja wa kutua, hakuna kungoja.

Kwa hiyo yafaa neno ujazo lisiachwe peke yake katika maandishi ya injini ya rota. Vipo vipimo viwili, na kila kimoja chataka jina. Cha kwanza ni ujazo wa ubavu. Cha pili ni ujazo kwa mzunguko, yaani hewa ivutwayo mhimili unapozunguka mara moja. Hiki cha pili ndicho kifaacho kulinganishia, maana chaweza kutumiwa kwa injini ya kila namna: 13B ni lita 1.3 kwa mzunguko, Lycoming ni lita 2.6. Msomaji ataona kwamba hapa neno mzunguko lililofukuzwa mlangoni limerudi kwa dirishani, na safari hii limekaa mahali pake, kwa sababu latajwa kama hesabu ya tendo na si kama tabia ya injini.

Majina haya yakishikwa, hoja ya kusanifu injini kubwa yaweza kuelezwa yote kwa Kiswahili bila kukwama, na inafaa kuifuata, kwa kuwa ndiyo mtihani wa maneno yenyewe. Rafadha ya urefu wa mita 1.9 ikizunguka mara 2,700 kwa dakika, ncha zake huenda karibu mita 269 kwa sekunde. Ikifungwa moja kwa moja katika mhimili uzungukao mara 6,000, ncha zingekwenda karibu mita 597, ilhali sauti katika hewa ya joto la Moshi huenda karibu mita 350. Rafadha ipitayo mwendo wa sauti hupiga kelele nyingi na kuvuta kidogo. Basi wenye 13B hulazimika kuweka gia za kupunguza mwendo kati ya injini na rafadha, na gia hizo ni uzito, gharama, na kitu kimoja zaidi kiwezacho kuvunjika angani. Njia nyingine ni kuiacha injini izunguke polepole, mara 2,700 tu, na kuiongezea ujazo hadi ivute hewa ile ile. Ili kupata lita 7,850 kwa dakika yatakiwa karibu lita 2.9 kwa mzunguko, yaani rota mbili za ubavu wa karibu sentimita 1,455 za ujazo kila mmoja.

Vipimo vyote vitatu vikikuzwa kwa uwiano mmoja, mhamo huwa karibu milimita 19.6, kitovu hadi ncha 137, na unene 104. Wapo ambao wangependa kubakiza umbo la nyumba ya 13B na kuongeza unene peke yake, kwa kuwa ni rahisi kuchonga. Lakini unene utafika karibu milimita 178, na chumba cha moto kitakuwa mfereji mrefu mwembamba, mfano wa mfongo wa kumwagilia, ambamo moto hauwahi kufika mwisho kabla nafasi haijafunguka. Faida moja ya ukubwa hujificha: rota izungukayo mara 900 tu kwa dakika huburuta ncha zake polepole kuliko rota ndogo ya mizunguko 2,000, ijapokuwa ni pana zaidi. Wala ukubwa wenyewe si ndoto. Ingersoll-Rand ya Marekani iliwahi kutengeneza injini za rota zenye lita 41 kwa kila rota, ila hizo zilikaa chini na hazikukusudiwa kuruka.

Mahali nako kuna hesabu yake. Hewa ya Moshi kwa mita 850 na joto la digrii 30 ina uzito wa karibu sehemu 86 katika 100 za hewa ya pwani yenye digrii 15. Injini huvuta ujazo ule ule lakini hula uzito pungufu, na nguvu hupungua kwa kadiri hiyo. Atakaye nguvu ya pwani katika uwanja wa Moshi atahitaji karibu lita 3.4 kwa mzunguko badala ya 2.9. Katika sentensi hizi ujazo na uzito vimetengana wazi, na Kiswahili kimezichukua namba bila kulalamika. Ni vigumu kujua kwa nini shule za sekondari za mteremko huu zimeendelea kufundisha mambo ya namna hii kwa Kiingereza, hali Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilikwisha kutamka kwamba Kiswahili kitumike kufundishia katika ngazi zote. Jawabu litolewalo siku zote ni ukosefu wa maneno. Yafaa wenye kulitoa waonyeshe ni neno gani.

Old Moshi yaujua ubishi wa lugha ya maarifa tangu zamani. Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri aliyekaa huko miaka mingi hadi 1938, alishikilia kwamba mafunzo yapite katika lugha ya Wachagga wenyewe, na vitabu vyake vimehifadhi mengi ya sheria na mafundisho yao ambayo yangalipotea. Lakini aliuona ustaarabu wa mashine kuwa tishio la vifungo vya ukoo na ujirani, na ni shida kumfikiria akitafuta neno la rota. Kiswahili hakikungoja ruhusa yake. Kilipanda mlimani pamoja na reli, malori ya kahawa na gereji, na ndiyo maana maneno ya chuma katika Moshi leo ni ya gereji: krenki, ringi, plagi, rejeta, injini imenoki. Wataalamu wengi huyadharau maneno haya kwa kuwa hayakupitia mezani kwao. Kwa kweli yamepita mtihani mgumu zaidi, kwa maana kila moja limewahi kutumiwa na mtu mwenye spana mkononi kumwamuru mwingine, na kama lisingalieleweka pangaliumia kidole. Mkoa huu una kiwanda cha mashine na vipuri kilichojengwa Hai kwa msaada wa Bulgaria. Siku nyumba ya rota ya milimita 137 itakapochongwa humo, maneno yatakayosikika karibu na mashine yatakuwa hayo.

Hata hivyo maneno ya gereji nayo yahitaji kuhakikiwa, si kubusiwa tu. Katika kila ncha ya rota hukaa kipande chembamba cha chuma chenye kusukumwa na springi kwenye ukuta wa nyumba ili moto usivuje kutoka ubavu mmoja kwenda mwingine. Ni sehemu iliyoisumbua injini hii kuliko nyingine yoyote, kwa kuwa zile za mwanzo zilikwaruza ukuta zikaacha mawimbi juu yake. Fundi huiita ringi kwa kufuata pistoni, ingawa haina mviringo wowote. Imenyooka kama rula. Wengine wangependa kizibo cha ncha. Hili la pili ni sahihi, lakini kizibo huziba tundu lisilokwenda, hali kipande hiki chakimbia masaa yote. Pengine ringi libaki, na maana yake ipanuke kutoka umbo hadi kazi, kama ndege ilivyopanuka kutoka manyoya hadi bati. Neno rota lenyewe bado halijatulia katika ngeli: wapo wasemao rota limekwama na marota yamekwama, na wapo wasemao rota imekwama. Wa kwanza wamesikia ukubwa wa kitu chenyewe, wa pili wamefuata pistoni na silinda. Gereji za Moshi zitaamua, na wapangaji wa kamusi wangefanya vema kwenda kusikiliza huko kabla ya kuandika.